Kilo Kumi za Maharagwe

Katika ukoo wetu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kazi za sherehe hugawanywa bila kikao. Mama mkubwa hupika sombe ya majani ya muhogo, shangazi hukaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, mama husimamia bugali, na mimi, ambaye ni mhasibu na kitindamimba, hushughulikia viti. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mtu wa kuazima viti vya plastiki kwa majirani, kuvihesabu mbele ya mashahidi, na kuvirudisha vikiwa vimepungua kimoja. Ndiyo maana, ilipokaribia komunyo ya kwanza ya mpwa wangu, nilisimama mbele ya wazee na kutangaza kwamba safari hii ningepika chakula ambacho Kadutu nzima haijapata kukionja.

Chakula chenyewe kilikuwa maharagwe. Najua kwamba kumwalika mtu wa Kivu aje kula maharagwe ni kama kumwalika mvuvi aje kutazama maji, lakini haya yangu yalikuwa ya namna nyingine: maharagwe madogo meupe, yaliyopikwa polepole ndani ya tanuri pamoja na nyanya, vitunguu, haradali, siki na sukari, mpaka mchuzi uwe mzito na mwekundu. Yaya, yaani dada yangu mkubwa anayeishi Uingereza, alituletea makopo sita ya chakula hicho Krismasi moja, akatueleza kwamba wenyeji wa huko huyala asubuhi juu ya mkate uliochomwa. Mama alionja kijiko kimoja, akauliza ni nani aliyemwaga chai ndani ya maharagwe. Makopo matano yaliyobaki niliyamaliza mimi peke yangu, na tangu siku hiyo nikajiona mtaalamu. Baadaye kabisa, mambo yalipokwisha kuharibika, ndipo yaya aliponiambia kwamba maharagwe ya kopo hayapiti tanurini hata kidogo, bali huivishwa kwa mvuke ndani ya kopo lililokwisha kufungwa. Wanaoyaoka kweli ni Wamarekani, hasa wa Boston, ambao huyatia molasi na nyama ya nguruwe ya chumvi. Laiti angelisema mapema, nisingetafuta tanuri.

Yaya alinitumia maelekezo kwa simu, na mimi nikayasoma kama ninavyosoma hesabu za mwisho wa mwezi. Yalisema kila mgeni apewe gramu 250. Wageni walikuwa 40. Nikazidisha, nikapata kilo 10, nikaenda soko la Kadutu nikanunua kilo 10. Mama aliyeniuzia aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nafungua shule ya bweni, nami nikatabasamu kama mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Jambo ambalo yeye alilijua, na mimi sikulijua, ni kwamba gramu 250 ni uzito wa maharagwe yaliyokwisha kuiva, yakiwa kwenye sahani, na kwamba kilo moja ya maharagwe makavu ikiiva huzidi kilo mbili. Mtoto yeyote aliyelelewa jikoni analifahamu hilo. Mimi nililelewa kwenye viti.

Ijumaa usiku niliyalowesha yote ndani ya sufuria kubwa ya ukoo, ile inayotoka matangani na harusini tu, nikaifunika na kwenda kulala kwa amani. Saa nane za usiku tukaamshwa na mlio jikoni: tok, kisha kimya, kisha tok, tok. Mama alitangulia na tochi, mimi nikafuata na ufagio, tukiwa na hakika kwamba ni mwizi. Tulikuta mfuniko umeinuliwa na maharagwe, nayo yakidondoka sakafuni moja baada ya jingine bila haraka yoyote. Tukajaza ndoo. Yakabaki. Tukayachota yaliyobaki bila maji yake tukayamimina katika beseni ambamo wajukuu huogeshwa, tukalifunika kwa gunia bichi na kulisukuma chini ya ngazi. Mama akaniangalia katika mwanga wa tochi, akasema, “Baba, vitu vyako hivi vinazaa.”

Jumamosi saa moja asubuhi niliwasha mbabula, yaani jiko la makala (makaa). Maelekezo yalisema maharagwe yachemshwe kwanza kwa maji matupu mpaka yalainike, ndipo yatiwe mchuzi na kuingizwa tanurini. Niliona hapo upotevu wa makala usiokubalika kwa mtu wa taaluma yangu. Kwa nini kupika mara mbili kitu kimoja? Nikatia kila kitu kwa pamoja, maharagwe, nyanya, siki na sukari, nikafunika. Saa sita mchana mchuzi ulinukia mpaka barabarani, na majirani wakaanza kunisalimu kwa heshima mpya, lakini maharagwe yalikuwa magumu. Saa tisa yalikuwa magumu. Nikaagiza gunia la pili la makala.

Hapo ndipo mama mkubwa alipopita kuchukua kinu cha kutwangia sombe. Aligonga harage moja kwa ukucha, akaniuliza, “Mtoto wangu, nyanya umeitia saa ngapi?”

“Asubuhi, mama.”

“Pamoja na siki?”

“Pamoja na siki, na sukari.”

Hakusema neno. Aliketi juu ya kinu, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika; kwa muda nilidhani analia. Binamu yangu anayefundisha kemia ndiye aliyenieleza kisha, kwa furaha isiyofaa, kwamba asidi ya nyanya na siki huzuia ganda na nyama ya harage visilegee, kwamba sukari nayo husaidia katika uovu huo, na kwamba sisi wa Bukavu, tulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji yetu huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100, hivyo maharagwe yetu huchelewa hata yasipochokozwa na mtu. Yangu nilikuwa nimeyachokoza kwa kila njia inayojulikana. Wakati huohuo mama alichukua ile ndoo niliyoisahau, akaichemsha kwa maji matupu, na baada ya saa moja na nusu familia nzima ilikula maharagwe laini kama siagi. Nilikula pia, nikiwa nimegeukia ukutani.

Nilibakiwa na tumaini moja, nalo lilikuwa tanuri. Mwoka mikate wa mtaani kwetu ana tanuri la matofali linalobaki na joto usiku kucha baada ya mikate ya jioni, naye alikubali kuniwekea sufuria yangu humo. Kuishusha kutoka kwetu hadi kwake kulihitaji vijana wawili, mti wa kubebea na sala fupi, kwani yeyote anayeijua miteremko yetu anajua kwamba huku sufuria iliyojaa haibebwi, bali huzuiwa tu isitangulie. Akaisukuma hadi nyuma kabisa ya tanuri. Saa tisa za usiku alikoka moto mpya kwa ajili ya mikate ya asubuhi, na sufuria yangu akaikumbuka kulipopambazuka. Tabaka la juu lilikuwa makala halisi, kiasi kwamba ningeweza kuyarudisha kwenye mbabula. Chini yake kulikuwa na mchuzi mzuri mno, na ndani ya mchuzi, maharagwe yaleyale ya jana, magumu kama nilivyoyaacha. Mikate yake yote ya Jumapili hiyo ilinuka kitunguu na siki; ananidai radhi mpaka leo, ingawa ana mteja mmoja anayeuliza ni lini ataioka tena namna ile.

Baada ya misa niliyapakua, kwa sababu nilikwisha kuyatangaza. Baba mkubwa alisali, watu wakaanza kula, na ukasikika mlio kama wa mvua ya mawe kwenye mabati, mara ukakatika ghafla, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akisikiliza meno yake. Baba mkubwa alitoa harage moja mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani, akaligonga kwa uma, likalia.

“Mtoto wa ndugu yangu,” akasema, “hivi vinaliwa, ama vinahesabiwa?”

Nataka iandikwe mahali fulani kwamba mchuzi waliumaliza. Waliuchovya kwa bugali mpaka sahani zikang'aa, na katikati ya kila sahani kukabaki kilima cha maharagwe safi. Mpwa wangu, akiwa bado na mavazi yake meupe ya komunyo, aliyakusanya yote, akawaita wenzake chini ya mparachichi, wakachimba vishimo na kucheza bao mpaka jioni. Hakuna hata kete moja iliyovunjika.

Jumatano mama alivuta beseni kutoka chini ya ngazi. Chini ya gunia bichi, maharagwe yale yaliyonusurika yalikuwa yamechipua. Hakuniambia lolote, aliyapanda kwenye mteremko nyuma ya jiko, mvua zikiwa bado zinanyesha, na baada ya miezi mitatu hivi akavuna. Akayapika kwa maji matupu, chumvi na mawese, akawaita wote, baba mkubwa akiwa wa kwanza. Nilipofika mlangoni na kunyoosha shingo kutazama sufuria, shangazi alinizuia kwa mwiko, akaniuliza viti viko wapi.