Sprinti au foleni: mvutano katika timu za matengenezo ya programu

Timu inayojenga programu mpya huwa na siku ya kukabidhi kazi. Timu ya matengenezo haina siku hiyo, na hapo ndipo mvutano unapoanzia: ipange kazi kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya wiki 2 vyenye kazi iliyokubaliwa mapema, kama wenzao wajenzi, au tiketi (maombi ya kazi yaliyoandikishwa) zipange foleni zitoke moja baada ya nyingine?

Wanaotetea sprinti hawana hoja dhaifu. Scrum, mbinu ya kupanga kazi kwa sprinti iliyotambulishwa hadharani mwaka 1995, humpa msanidi haki ya kumwambia mtu "subiri sprinti ijayo". Bila kinga hiyo, mwenye sauti kubwa ndiye anayepanga vipaumbele, na kwa kawaida si yule mwenye shida kubwa.

Wapinzani wao wanauliza: unapangaje kisichopangika? Desemba 2021 ulipotangazwa udhaifu wa usalama katika Log4j, maktaba ya msimbo inayotumiwa ndani ya programu nyingi, kiraka (rekebisho) cha kwanza hakikutosha. Toleo la 2.15.0 lilifuatwa na 2.16.0, 2.17.0, kisha 2.17.1, yote mwezi huohuo. Sprinti gani ingestahimili hayo? Wana pia mfano wa Microsoft wa miaka ya 2004 na 2005, ambao David Anderson aliutumia kuieleza Kanban, mbinu ya kuendesha foleni ya kazi kwa vikaratasi kwenye ubao. Timu iliyotunza mifumo ya ndani ya kampuni ilikuwa ikipoteza muda mwingi kukadiria maombi, mengi yakiwa hayatafanyiwa kazi kamwe. Ikaacha makadirio, ikaweka kikomo cha kazi zilizo mkononi. Muda wa kusubiri ukashuka kutoka miezi kama 5 hadi wiki 2 hivi.

Kikomo hicho ndicho ninachokiona kuwa kiini, kuliko ubao wenyewe na vikaratasi vyake. Chukua tiketi isemayo "ripoti haifunguki". Msanidi anamuuliza mteja anatumia kivinjari gani, jibu halijaja, anachukua tiketi nyingine. Nayo inakwama kwa mjaribu. Anachukua ya tatu. Ijumaa ana tiketi 7 wazi na hajafunga hata moja, ilhali mbele ya bosi anaonekana mchapakazi. Kikomo kingemlazimisha ampigie mteja simu.

Hata hivyo, dai kwamba matengenezo hayapangiki limetiwa chumvi. Utafiti wa Lientz na Swanson uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kuwa kurekebisha hitilafu kulichukua takriban moja ya tano tu ya juhudi. Zaidi ya nusu ilikuwa maboresho, mengi yakiwa yale waliyoomba watumiaji. Utafiti ni wa zamani, sikatai, lakini anayetazama orodha ya tiketi zake leo ataona mengi yanayoitwa dharura ni maombi ya kawaida yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hayo yanapangika vizuri tu.

Foleni nayo ina ugonjwa wake: kazi ya kuzuia matatizo kabla hayajatokea haifiki mbele. Hakuna mteja anayepiga simu kulalamika kwamba maktaba fulani ya msimbo imezeeka au kwamba majaribio ya kiotomatiki hayapo. Kwa hiyo mimi niko upande wa foleni yenye kikomo, kwa sharti moja: sehemu ya muda wa timu, tuseme siku 1 kwa wiki, itengwe kwa kazi hiyo na isiazimwe. Na meneja aache kuhesabu tiketi zilizofungwa, maana watu watachagua nyepesi. Aulize ile kongwe kuliko zote ina siku ngapi, na nani anaisubiri.