Hewa ukaa si mbolea ya bure baharini

Hoja hii husikika sana: mimea hula hewa ukaa, bahari inazidi kumeza hewa ukaa, basi fitoplanktoni, yaani vimelea vidogo vinavyoelea majini na kuishi kwa mwanga kama mimea, zitanawiri. Inaingia akilini upesi, ndiyo maana inaenea. Kwa maoni yangu ni nusu ya hesabu. Hewa ukaa ikiyeyuka majini hailetei seli kaboni peke yake; inaleta pia ioni za haidrojeni, ambazo ndizo tindikali yenyewe, na seli haiwezi kuchagua moja ikaacha nyingine.

Tangu kabla ya enzi ya viwanda, pH ya maji ya juu ya bahari (kipimo cha tindikali; kikishuka, tindikali imezidi) imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tofauti inaonekana ndogo kwa sababu kila hatua moja ya pH ni mara kumi ya ioni hizo. Ukikokotoa, ushukaji huo wa 0.1 ni ongezeko la ioni za haidrojeni la takriban asilimia 26. Ikifika 7.8, zitakuwa kama nanomoli 16 kwa lita badala ya 8 za sasa: maradufu. Maji bado yatakuwa upande wa alkali, ila kinachoigusa seli ni tofauti kati ya ndani yake na nje.

Faida ya kaboni ipo, sikatai. Rubisko, kimeng'enya kinachokamata hewa ukaa, ni kizito. Katika diatomu nyingi, yaani fitoplanktoni zenye ganda kama la kioo, kinahitaji zaidi ya mikromoli 20 za hewa ukaa kwa lita ili kifikie nusu tu ya kasi yake, na maji ya bahari za joto yana kama 10. Fitoplanktoni zililitatua jambo hili zamani sana kwa kujijengea pampu: huvuta bikabonati, ambayo ni karibu asilimia 90 ya kaboni iliyoyeyuka baharini, kisha kuigeuza kuwa hewa ukaa jirani kabisa na rubisko. Hewa ukaa ikizidi nje, seli hupunguza kazi ya pampu na kuokoa nguvu. Basi, faida yenyewe ni hiyo. Na chini ya jua kali hata hiyo hugeuka hasara, maana nguvu ya mwanga iliyokuwa ikiliwa na pampu hukosa pa kwenda na kuanza kuharibu mitambo ya usanisinuru.

Mfano unaonigusa zaidi ni Trichodesmium, fitoplanktoni wa jamii ya bakteria, kwa sababu ni wa maji yetu pia. Wakati wa kaskazi huongezeka katika pwani ya Tanzania, na akistawi sana huelea juu ya maji kama michirizi ya unga wa mbao. Kazi yake ni kubwa: huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea katika maji maskini ya virutubisho. Majaribio ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba hewa ukaa ikiongezwa, kazi hiyo hupanda, na wengi wakafurahi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Xiamen, China, wakaeleza kwamba maji ya bahari ya kutengeneza yaliyotumika katika baadhi ya majaribio yalikuwa na uchafu wa amonia. Amonia ni sumu, na pH ikishuka sehemu yake kubwa zaidi hugeuka kuwa amonia yenye chaji, isiyopenya seli kwa urahisi. Kwa maneno mengine, tindikali ilikuwa ikipunguza sumu, nasi tukaiona kama lishe. Katika maji safi, ukuaji ulishuka. Ufafanuzi huo ulipingwa na watafiti wengine, lakini mimi naukubali, kwa sababu unaeleza pia kinachotokea ndani: pH ya ndani ya seli inavurugika, naitrojenasi, kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni kuwa mbolea, inapoteza ufanisi, na seli inalazimika kutengeneza naitrojenasi nyingi zaidi. Kimeng'enya hicho kinakula madini ya chuma kwa wingi, na chuma ndicho kitu adimu katika bahari ya wazi. Ubaya ni kwamba tindikali hufanya sehemu ya chuma kilichoshikwa na viunganishi vya kikaboni kiwe kigumu zaidi kuchukuliwa. Seli inahitaji zaidi, na inapata kidogo zaidi.

Kokolitofora, fitoplanktoni wenye magamba ya chokaa, wana shida ya namna yao. Kila bikabonati inayounganishwa na kalsiamu kuwa chokaa huacha ioni moja ya haidrojeni ndani ya seli. Ioni hiyo hutoka kwa mlango maalumu kwenye utando, na mlango unafanya kazi vizuri pale tu nje kukiwa na ioni chache. Nje kukijaa, takataka inabaki ndani. Ndiyo maana sioni busara kuulaumu upungufu wa kabonati peke yake, yaani ile kaboni ya chokaa ambayo hupungua majini tindikali ikizidi.

Kwa anayetaka kujaribu haya maabara, makosa mengi huanza kwenye maji. Ukidondosha asidi ya haidrokloriki peke yake, unashusha na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali, jambo ambalo hewa ukaa hailifanyi. Ama puliza hewa yenye kiwango kinachojulikana cha hewa ukaa, ama ongeza asidi pamoja na bikabonati ya sodiamu kwa moli zilezile, kisha ufunge chupa bila kuacha nafasi ya hewa. Kwa Trichodesmium puliza taratibu, mapovu makali huvunja makundi yake.

Usiache seli ziwe nyingi. Zikila zaidi ya asilimia 5 ya kaboni iliyoyeyuka, pH imekwisha kupanda na jaribio lako si lile ulilopanga. Zimua mapema na mara kwa mara. Zipe vizazi vya kutosha kuzoea kabla ya kupima chochote.

Kisha kuna kipimo chenyewe. Elektrodi ya pH iliyosawazishwa kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) za kawaida za madukani hutoa namba iliyo juu ya ile ya kipimo cha pH kinachotumika kwa maji ya bahari kwa karibu 0.13. Hilo ni kosa kubwa kuliko mabadiliko yote tangu enzi ya viwanda! Tumia bafa ya Tris iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi ya bahari, au rangi ya zambarau ya meta-kresoli na spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na rangi, na uandike nyuzi joto pembeni ya kila kipimo. pH peke yake haitoshi kukokotoa hewa ukaa. Pima na alkaliniti.