Kabla ya Manowari, Kusini Inahitaji Chelezo

Tangu Oktoba 2020, washambuliaji kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walipovuka Ruvuma na kuvamia kijiji cha Kitaya, ulinzi wa kusini umeacha kuwa mada ya wanajeshi peke yao. Unajadiliwa sokoni, unajadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa Mtwara na Lindi. Na kila unapojadiliwa, huibuka mtu akauliza: kwa nini boti za doria tuagize nje, ilhali bandari ya Mtwara ina kina cha asili na vijana wetu wanashinda bila kazi? Tuunde wenyewe, hapa hapa.

Wanaosema hivyo hawaoti mchana. Nchi hii imekuwa na viwanda vya jeshi, Shirika la Mzinga, Morogoro, na Nyumbu ya Kibaha, kwa miongo kadhaa. Kule Mwanza, meli ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, yenye urefu wa mita 92 na nafasi ya abiria 1,200, iliunganishwa na kampuni za Korea Kusini zikishirikiana na SUMA JKT, ikashushwa majini Februari 2023. Kenya ilianzisha Kenya Shipyards Limited mwaka 2020 chini ya wizara yake ya ulinzi, ikiwa na yadi za kuundia meli Kisumu na Mtongwe, Mombasa. Nigeria nayo ilizindua NNS Andoni mwaka 2012, boti ya doria ya mita 31 iliyojengwa na wanamaji wake. Walianza na chombo kidogo, wakajifunza, wakaunda kingine kikubwa zaidi.

Hoja ya fedha za kigeni pia ina nguvu. Boti ya doria inahitaji vipuri kwa miaka 25 au zaidi, na kila kipuri kikitoka kwa aliyekuuzia, bei anapanga yeye. Siku mkikosana naye kisiasa, boti inabaki gatini.

Lakini neno "kuunda" linaficha mengi. Katika chombo cha kivita, bodi ndiyo sehemu nafuu. Fedha nyingi huishia kwenye injini, rada, mawasiliano na silaha, navyo tutaviagiza. Hata chuma chenyewe ni shida: viwanda vyetu vinajulikana kwa nondo na mabati, si mabamba ya kujengea meli. Chuma cha Liganga, kinachokadiriwa kuwa tani milioni 126, bado kiko ardhini Ludewa, na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inayopaswa kukitoa tumeisikia tangu tukiwa wadogo.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni oda. Tuseme jeshi limeagiza boti nne na yadi imezimaliza. Baada ya hapo? Mchomeleaji wa bamba la meli huchukua miaka kukomaa, na akikaa miezi 6 bila kazi hakungoji, anaondoka. Yadi inayotegemea mteja mmoja, tena mteja anayenunua kwa nadra, huishi kwa ruzuku au hufa.

Halafu kuna suala ambalo wapenzi wa "viwanda vya ulinzi" hulipita haraka. Hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta, liko ng'ambo ya mto. Kuanzia mwaka 2013, Msumbiji ilikopa takriban dola bilioni 2 kupitia kampuni tatu za serikali: moja ya boti za ulinzi wa pwani, moja ya uvuvi wa jodari, na ya tatu, MAM, iliyotakiwa kujenga yadi za kutengenezea vyombo hivyo. Sehemu kubwa ya deni ilifichwa kwa bunge na kwa wananchi. Lilipofichuka mwaka 2016, IMF ilisitisha msaada wake, na mwaka 2024 aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York. Pwani iliyokuwa ilindwe kwa fedha hizo ndiyo iliyopoteza bandari ya Mocímboa da Praia mikononi mwa waasi, Agosti 2020. Mpango ulijengewa hoja zilezile tunazozisikia sasa: ulinzi, ajira, gesi. Siri ya kijeshi ikawa pazia.

Mimi nasimama wapi? Upande wa matengenezo. Historia ya pwani hii ina ushahidi mzuri: mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibika mitambo, ikajificha kwenye mdomo wa Rufiji, na vifaa vyake vikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Lakini Waingereza walikwisha kuiziba njia, na meli haikutoka tena. Waingereza waliimaliza humo humo, Julai 1915. Ilikuwa na mizinga ya kutosha. Karakana ndiyo ilikuwa mbali.

Maji ya chumvi hayana adabu. Boti ya chuma lazima ipandishwe nchi kavu, ikwanguliwe makombe yaliyoota chini, ipimwe unene wa mabamba, ibadilishwe vipande vya zinki vinavyoliwa na kutu badala ya bodi, ndipo ipakwe rangi upya. Kazi hiyo inataka chelezo, yaani mahali pa kupandishia vyombo nchi kavu ili vitengenezwe, na kusini hatuna cha kulinganisha na kile cha Mwanza.

Tofauti na yadi ya manowari, chelezo kina wateja kila mwezi. Kuna vivuko vya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme: MV Mafanikio wa Msangamkuu na MV Kitunda wa Lindi. Kuna matishari ya bandari, na boti za faiba ambazo serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wa takriban shilingi bilioni 266, italeta meli za uvuvi zenye mahitaji hayo hayo. Boti za doria zingekuwa mteja mmojawapo.

Fundi wa majahazi wa Kilwa Kivinje anayelaza mkuku, akapandisha mataruma na kukalafati nyufa kwa pamba yenye mafuta, hawezi kukabidhiwa bamba la chuma kesho asubuhi. Mwanawe akipita VETA, anaweza. Hapo ajira ndipo ilipo, na Mtwara ya vurugu za 2013 za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam haitaridhika tena na ahadi za jumla. Itataka kujua nafasi ngapi za mafunzo na kwa watoto wa nani.

Ningependa chelezo kimilikiwe na Mamlaka ya Bandari, hesabu zake zikaguliwe na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kama za taasisi nyingine, na jeshi lilipe kama mteja. Likihitaji faragha, lijengewe gati lake nyuma ya uzio. Foleni ya kupandisha vyombo iwe moja, na bei ibandikwe getini.