Sukari na Vema Tano za Mpwa Wangu

Jana nilikuwa kwa dada, nikachukua daftari la mpwa wangu wa darasa la sita nione anasoma nini. Swali: taja maneno matano ambayo Kiswahili kimeyakopa kutoka Kiingereza. Mtoto kaandika baiskeli, benki, shati, shule, sukari. Vema tano za kalamu nyekundu, na pembeni “Hongera!”

Hongera ya nini?

Shule ni ya Mjerumani, *Schule*, lakini hiyo naipita, mwalimu ana rundo la madaftari. Sukari ndiyo iliyonikera. Ati imetoka kwenye *sugar*. Kwa hiyo kabla Mwingereza hajatia nanga, halua Zanzibar ilipikwa kwa chumvi?

Sisi tulilipata neno kwa Waarabu, *sukkar*. Waarabu walilitoa kwa Waajemi, *shakar*, na Waajemi kwa Wahindi. Huko kwenye Kisanskriti ni *sharkara*, na mwanzoni halikuwa na utamu wowote: maana yake changarawe. Mimina sukari kiganjani, isugue kwa kidole gumba, utaona Wahindi wa kale hawakukosea hata kidogo.

Neno hilohilo likaenda na magharibi. Waarabu walipanda miwa Sisilia na Uhispania, na neno likabaki shambani pamoja na miwa. Mhispania kalimeza pamoja na kitangulizi chake cha Kiarabu, *as-sukkar*, ndiyo maana hadi leo anasema *azúcar*. Mtaliano *zucchero*, Mfaransa *sucre*. Mwingereza, huko kwenye baridi lake, alikuja kulipokea kwa Mfaransa mnamo karne ya 13. Yaani wa mwisho kwenye foleni ndiye tunayemwandika kuwa mwenye duka!

Na kinachonichekesha zaidi ni sukari nguru. Mwingereza anaiita *jaggery*, neno alilopewa na Wareno, nao wakalitoa kwa watu wa pwani ya Malabar, huko India. Ukilichimba unakuta *sharkara* ileile. Kaliokota neno moja mara mbili, kwa njia mbili, akadhani ni vitu viwili. Huyu ndiye mkopeshaji wetu.

Haya, baiskeli ni yake, benki yake, shati yake. Sina ugomvi. Na nyie wa “kila neno tamu ni Kiarabu” msipige vigelegele bado, Mwarabu naye aliazima kama wenzake. Ila inaniuma kwamba tukiona tu neno letu linafanana na la Kiingereza, tunajishusha haraka na kusema sisi ndio tulioiga. Hata kamusi hatufungui.

Nikamwambia mpwa wangu afute sukari, aandike blauzi.

“Mjomba,” akasema, akilivuta daftari lake, “mimi nimeshapata vema.”