Ukungu wa picha na kichwa cha mtoto

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ikitajwa kuwa ni yenye sumaku dhaifu tu, swali la kwanza huwa: kwa nini mtoto wa Mbarara, Uganda, apigwe picha yenye ukungu ilhali mwenzake wa Boston, Marekani, anaingizwa kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku)? Ni swali la haki. Wengi wetu tumeona vifaa vya msaada vikiishia kufunikwa shuka kwenye korido za hospitali. Ila swali lenyewe linaanza na picha, na kumsahau daktari anayeihitaji.

Chukua mtoto mwenye kichwa maji, yaani kichwa kilichokua kwa majimaji yaliyojaa ndani ya ubongo. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, mashariki mwa Uganda, Dkt. Benjamin Warf alikuta kwamba kama asilimia 60 ya watoto wa namna hiyo waliugua baada ya maambukizi. Anayetaka kumpasua mtoto huyo ana maswali machache: majimaji yamekaa wapi, yamejitenga vyumba vingapi, ubongo umebaki na unene gani, niweke mrija wa kuyatoa au nitoboe njia ndani kwa ndani? Altrasaundi ya utosini hujibu mengi ya hayo, mpaka utosi ufunge. Baada ya hapo wengi huenda CT-scan, picha za eksirei za vipande vya kichwa.

CT humalizika kwa sekunde chache, mtoto hata kulia hajamaliza. Lakini ni mionzi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012, uliofuatilia karibu watu 180,000 waliopigwa CT wakiwa wadogo, ulikadiria kwamba katika kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa kichwani, atapatikana mmoja wa ziada mwenye saratani ya damu na mmoja mwenye uvimbe wa ubongo ndani ya miaka kumi. Ni wachache, na anayehitaji CT leo apigwe leo. Shida ni kwamba mtoto wa mrija harudi mara moja. Kila mrija ukishukiwa kuziba, anarudishwa pale pale. MRI kubwa haina mionzi, ila inadai heliamu ya kupoza sumaku, chumba maalumu, umeme usioyumba, na mtoto atulie muda mrefu. Kwa wa miaka miwili hiyo mara nyingi ni kusema dawa ya usingizi, na mtaalamu wa kuitoa.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Mbarara mwaka 2022 ilinigusa. Dkt. Johnes Obungoloch na wenzake, wakiwamo wa vyuo vya Leiden na Delft vya Uholanzi na Penn State cha Marekani, waliunganisha MRI hapo hapo chuoni kwa siku 11. Imetengenezwa kwa sumaku ndogondogo za kudumu, bila heliamu, na nguvu yake ni kama sehemu moja ya sitini ya ile ya tesla 3. Waliojifunza kuiunganisha ndio hao hao wataijua ikiharibika, na hapo hadithi ya shuka na korido inaanza kubadilika.

Na sumaku ndogo si mzaha. Blantyre, Malawi, ilipokea MRI ya tesla 0.35, ambayo kwa vipimo vya matajiri ni dhaifu. Kwa mashine hiyo walipimwa watoto 168 wenye malaria iliyopanda kichwani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Walifariki 25, kati yao 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kulazwa. Waliopona walikuwa 143, na uvimbe kama huo ulionekana kwa 39 tu. Narudia 21 kati ya 25, kwa sababu kwa miaka mingi madaktari walibishana mtoto wa malaria anauawa na nini hasa. Jibu halikuhitaji picha kali kuliko zote duniani. Lilihitaji mashine iliyopo pale mtoto anapofia.

Wapinzani wana hoja moja nisiyoweza kuipangua. Mtoto wa kifafa mwenye kovu dogo kwenye gamba la ubongo, sumaku dhaifu haitaliona kovu hilo. Serikali ikinunua hizi ndogo kisha ikajifanya imemaliza deni, mtoto huyo ameachwa.

Mimi ninachohofia zaidi kiko kwingine. Mwaka 2021 watafiti walichapisha jaribio ambamo picha za CT za watoto wenye kichwa maji zilipunguzwa ubora makusudi, kisha mabingwa wakaulizwa kama wangeweza kupangia tiba. Picha ambazo mtu angezitupa, nyingi walisema zinatosha. Programu za akili mnemba zilipozing'arisha, zikapendeza kweli, lakini baadhi zikaja na maumbo yaliyokosewa. Ukungu humwambia daktari wazi kwamba hapa huoni. Picha iliyong'arishwa haimwambii, naye ameshika kisu. Na kwa kuwa hizi mashine ndogo ndizo zitakazotiwa programu hizo kwa wingi, picha ghafi isifutwe: ikae kwenye faili la mtoto, kando ya ile nzuri, na anayekwenda kupasua azione zote mbili.