Saa Tatu ya Hawassa

Kabla hatujaondoka Moshi, Baba Mchungaji alitukalisha siku mbili kutufundisha adabu za ugenini. "Huko si kwenu," alisema. "Usijifanye unajua." Nilikaa mstari wa mbele, nikaandika hayo maneno na kuyapigia mstari.

Ilikuwa Februari 2019. Tulikuwa tunakwenda misheni Hawassa, Ethiopia, kama kilomita 270 kusini mwa Addis Ababa: wanakwaya, Baba Mchungaji, na mimi mwinjilisti. Tulipofika tu nikaona ratiba imeandikwa mwaka 2011. Nikatoa kalamu nikawasahihishia. Ndipo wakanieleza kwa upole kwamba kalenda yao ina miezi 13, na kwao huo ulikuwa kweli mwaka 2011. Kalamu nikairudisha mfukoni, ingawa miaka minane ya bure sikuikataa.

Halafu lugha. Kila nikisema jambo wananijibu, "Ishi, ishi." Nilidhani wananitakia maisha marefu, nami nikawa najibu, "Amina, nanyi pia." Kumbe kwa Kiamhari ni "sawa" tu.

Jumamosi usiku mama mwenyeji alitupikia doro wat, kuku wa mchuzi mwekundu mzito wenye mayai ya kuchemsha, umemwagwa juu ya injera, mkate wao laini mwembamba kama chapati. Katikati ya kula akakunja tonge akanielekezea mdomoni. Ndiyo heshima yao, inaitwa gursha. Sasa mimi mara ya mwisho kulishwa nilikuwa sijaota meno. Nikafungua mdomo nusu, kwa aibu. Tonge lilikuwa la mdomo mzima. Nusu iliyobaki ikatua kwenye suruali ya suti, ile moja niliyokuja nayo.

Wakati wa kuagana mkalimani wetu akaniambia kwa Kiingereza kwamba kesho ninahubiri mimi, ibada ni "thrii okloki".

Kiingereza mimi nilifundishwa kwa fimbo, na somo la saa ndilo lililonigharimu fimbo nyingi zaidi. Thrii okloki ni saa tisa. Basi Jumapili saa moja asubuhi wanakwaya walipokuja kuchukuliwa, niliwaonea huruma: mazoezi ya masaa manane! Nikawaaga kwa mkono, nikachukua beseni, nikaloweka suruali. Jua la kutosha lipo, nikasema, hadi saa saba itakuwa imekauka na pasi nimepiga.

Saa tatu na dakika kumi bajaji ikafunga breki getini. Mkalimani akashuka anahema. "Ndugu, kanisa zima linakungoja!"

Nikamwonyesha saa yangu. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Kumbe Waethiopia wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, sawasawa na sisi, hata wakizungumza Kiingereza. Yaani nimevuka mipaka yote ile, nimekuta watu wenye saa ya bibi yangu, nami nikaibadilisha kwa nguvu iwe ya Kizungu.

Suruali ilikuwa inaelea kwenye povu. Baba mwenyeji, mtu mrefu kama mnazi, na kiuno chake si haba, akanipa ya kwake. Niliikunja miguuni mara nne. Mkanda ukawa hauna tundu la kunifaa.

Nikapanda madhabahuni, mkono mmoja Biblia, mmoja suruali. Somo nilikuwa nimeliandaa tangu Moshi, wanawali kumi, Mathayo 25. Nikasoma: "Basi kesheni, kwa sababu hamwijui siku wala saa." Mkalimani akafungua kinywa atafsiri, akashindwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alipofanikiwa, akina mama wakapiga vigelegele. Baba Mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Pambio la kuinua mikono lilipokuja, niliinua mmoja.

Baada ya ibada tukaalikwa kahawa: buni zinakaangwa mbele yako, ubani unafuka, bisi kwenye sinia. Kikombe cha kwanza, cha pili, moyo ukaanza kwenda mbio. Cha tatu nikakikataa kwa adabu zote za semina. Kimya kikaingia. Mkalimani akaninong'oneza kwamba hicho cha tatu kina jina lake: baraka.

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Nilikunywa hadi machicha, na usiku ule sikulala.

Siku ya kuondoka mkalimani aliniambia gari letu litakuja "tuelvu okloki". Mara hii sikudanganyika. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nje getini, nimefunga begi, nimelikalia, nawangoja wavivu waamke. Saa kumi na mbili ikafika. Saa moja. Saa tatu Baba Mchungaji akatoka na mswaki mdomoni, akaniuliza ninamngoja nani.

Gari lilikuja saa sita mchana. Mkalimani akashuka anatabasamu, akaniambia kwamba tangu ile Jumapili alinionea huruma, akaamua saa zangu zote atakuwa ananitajia za Kizungu.