Muhuri Umeenda Kilioni

Bloomberg, yule tajiri aliyewahi kuwa meya wa New York, ana shindano la mameya. Jiji likibuni huduma mpya yenye akili, linapewa pesa za kuifanya. Mwaka 2013 mji wa Providence, Marekani, ulizoa dola milioni 5. Kwa nini? Kwa kuwavalisha watoto wachanga kidude kinachohesabu maneno wanayosikia nyumbani, ili wazazi wao wazidi kuongea nao. Kileteni kwangu hapa Lubumbashi! Mama mkwe akija kututembelea, kitaungua kabla chai haijachemka.

Mimi shida yangu si maneno, jamani. Maneno tunayo mpaka tunauza. Shida yangu ni muhuri.

Kuna ofisi moja hapa mjini, jina lake nalimeza, nilifuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Karatasi iko tayari, imesainiwa, tarehe sawa, jina la mtoto limekosewa kidogo tu lakini nimeamua atalizoea. Karani ananitazama kwa huruma: "Papa, muhuri uko mfukoni mwa shefu, na shefu yuko kwenye kilio huko Katuba." Yaani mji unaochimba shaba ya dunia nzima unasubiri marehemu azikwe! Akanishauri nisipoteze muda, nikatoe fotokopi. Nje, mwenye mashine ameketi juu yake anamenya karanga. Umeme hakuna. Hata hakunijibu, alinikaribisha karanga.

Na msiniambie hayo mambo ni ya Wazungu. Mwaka 2022 Kigali, Kumasi na Freetown zilishinda shindano hilohilo, kila mji dola milioni 1. Freetown ndiyo iliyonitia wivu. Wanapanda miti, kila mti unapigwa picha na kufuatiliwa kwa simu, wajue kama ungali hai. Mti, ambao hauendi popote, unajulikana uliko! Muhuri wetu unaozunguka mji mzima, hakuna anayejua.

Kinshasa nao, mwaka 2013, walisimamisha roboti za kuongoza magari barabarani, zinakula jua tu. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Roboti haina shangazi wa kufa.

Basi Papa Meya, ingia shindanoni. Roboti sikuombi, najua bei. Ufungie muhuri kidude cha kuonyesha ulipo, raia afungue simu aone: sasa uko Katuba, sasa umepita mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, kunywa kitu baridi, sasa umelala. Mwenye haraka ataufuata hukohuko. Atatoa rambirambi, atakula bukari ya matanga, atagongewa karatasi yake, arudi nyumbani. Nani atalalamika? Wafiwa watapata na michango.

Karani amelipenda wazo. Tatizo dogo tu, anasema: kidude hicho hakiwezi kununuliwa bila barua, na barua bila muhuri haipokelewi.